Chuma kinakatika kando ya mshono

Mazungumzo ya timu ya tereni katika mkutano mkuu, mbele ya wanachama, vijana wa atelye na wageni wafadhili



Komite imetuomba tuseme juu ya shafti ya mashini ya kusaga. Habari yake kila mtu anaijua, juu hakuna nyumba hapa isiyokula bugali. Shafti imekatika mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa imetoka kuchomelewa na vijana wetu. Mara ya kwanza ilitumika wiki mbili, mara ya pili siku tisa. Wamama wamerudi kubeba mihogo kichwani mpaka kwenye mashini ya ng'ambo ya mto. Njo maana kuna wanachama wanaosema vijana hawajui kazi, kwamba kule kambini walichezea moto tu, na kwamba bei ya shafti ikatwe kwenye mafungu yao. Mkutano utaamua leo. Sisi hatukuja kuamua mahali penu. Lakini mbele ya kupiga kura, tunaomba muangalie vitu viwili hivi.

Ni vipande vyenyewe. Vipitishwe mkono kwa mkono, wageni nao washike. Jambo la kwanza: mshono uko mzima. Haukuachia hata kidogo, mahali bageti ilipoyeyuka pameshikana mpaka leo. Shafti imekatika milimita mbili au tatu kando ya mshono, ndani ya chuma ambacho bageti haikukigusa. Jambo la pili: tazameni sura ya pale ilipokatika. Inang'aa chembechembe, kama sukari. Chuma laini kikizidiwa na mzigo kinavutika kwanza, kinapinda, ndipo kinakatika. Hiki hakikuvutika wala kupinda. Kilipasuka sawa sahani ya udongo. Na jambo la tatu, hili geuzeni kwenye mwanga: kwenye ukingo kuna doa la kutu, umbo lake kama ukucha wa kidole gumba. Kutu haiji kwa siku moja. Pale palikuwa pamepasuka kitambo, mashini ikaendelea kuzunguka juu ya ufa, mpaka siku ile.

Kwa hiyo swali si “kwa nini mshono ulikuwa dhaifu?” Mshono haukuwa dhaifu. Swali ni: moto wa kusude ulikifanya nini chuma cha kando?

(Waliobaki hapa wakati wa vita wanasema kusude. Waliotoka Nyarugusu na Lugufu wanasema kuchomelea. Ni kazi moja, na leo tutatumia maneno yote mawili, kila mtu ashike lake.)

Chuma tunachokiita cha pua ni chuma chenye kaboni ndani yake, kidogo tu. Bomba la mlango, kona za dirisha, kitanda: kaboni yake haifiki asilimia 0.25. Shafti ya mashini mara nyingi iko karibu na asilimia 0.45. Resori ya kamyo inafika 0.5 mpaka 0.6. Mtu atasema tofauti hiyo ni ndogo kuliko chumvi ndani ya sufuria. Ni kweli, lakini hata chumvi, kijiko kimoja na vijiko vitatu si mboga moja.

Chuma kikipoa, ndani yake kimepangika kama tofali, kwa mpango wake. Ukikipasha kupita digrii 727 hivi, ule mpango unavunjika na kupangwa upya, na kaboni inayeyuka ndani ya chuma kama sukari kwenye chai ya moto, ingawa chuma chenyewe bado ni kigumu. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kujipanga pembeni, tabaka kwa tabaka, na chuma kinarudi kuwa kile cha zamani. Ukikipoza haraka, kaboni haipati muda. Inanaswa ndani. Ni sawa watu wa soko walioshikwa na mvua wakakimbilia kwenye nyumba ndogo, mlango ukafungwa: hakuna anayeweza kugeuka. Ule msongamano wataalamu wanauita matensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens aliyechunguza vyuma kwa hadubini. Chuma cha namna hiyo ni kigumu sana, na kwa sababu ile ile hakiwezi kupinda. Kikilazimishwa, kinapasuka.

Wahunzi wa kwetu wanalijua hili zamani kuliko shule yoyote. Panga linatiwa majini likiwa jekundu ili makali yashike, kisha linarudishwa motoni kidogo ili lisivunjike. Kinachotushangaza watu wa leo ni kwamba kuchomelea kunafanya kazi ile ile ya mhunzi bila ya sisi kutaka, na bila ya maji.

Namna gani bila ya maji? Hapa tuombe mtulie kidogo, maana hapa ndipo penye siri yenyewe. Bageti inapoyeyuka, chuma chini yake kinafika digrii 1,500 na kitu. Kile cha kando, upana wa milimita chache, hakiyeyuki, lakini kinapita zile digrii 727. Sasa pembeni yake kuna shafti nene, nzito, ya baridi. Shafti nene inakunywa moto sawa mchanga unavyokunywa maji. Ule ukanda mwembamba unapoa kwa sekunde chache. Bomba jembamba la kitanda haliwezi kuunyonya moto hivyo, lenyewe lote linapata joto na linapoa taratibu. Kwa hiyo, kinyume cha vile wengi tunavyodhani, kitu kinene ndicho kilicho hatarini zaidi. Na fundi mwenye huruma, anayeweka mshono mdogo mdogo “ili asiunguze shafti”, anazidisha ubaya, juu moto mdogo unapoa haraka zaidi. Na kama nyuma ya hapo mteja ana haraka na mtu akamwaga kopo la maji juu yake, basi imekuwa panga ambalo halikurudishwa motoni.

Kwenye kipimo ambacho wataalamu wanatumia, kile cha Vickers, chuma cha shafti ya namna hii kikiwa katika hali yake ya kawaida kinakuwa karibu na 200. Ukanda wa kando ya mshono uliopoa haraka unaweza kupita 600. Wahandisi wanaanza kuwa na wasiwasi kikipita 350. Sisi hatuna mashini ya Vickers. Tuna tupa. Juma lililopita tulikaa na vijana atelye, tukapitisha tupa juu ya kipande hiki. Mbali na mshono, tupa inakula chuma, unga unaanguka. Ukikaribia mshono, ghafla tupa inateleza na kulia kama juu ya chupa. Ukiingia kwenye mshono wenyewe, inakula tena. Mtu yeyote anayebisha, tupa iko hapa mezani, aje ajaribu mbele ya watu wote.

Sasa juu ya vijana. Wamejifunza kambini, ndiyo, na walijifunza vizuri. Lakini kambini walichomelea nini? Milango, madirisha, vitanda, viti vya shule, vyote vya chuma chenye kaboni kidogo. Chuma hicho kinasamehe. Unakisude ukiwa na haraka, unamwaga maji, unapaka rangi, mtu analalia kitanda miaka kumi. Wakarudi nyumbani, na kazi ya kwanza kubwa waliyopewa na chama ni shafti. Hakuna aliyewaambia kwamba hiki si chuma kile. Kwa maoni yetu, kuwalipisha ni kumlipisha mtu deni la somo ambalo hakuna aliyempa. Tumelisema, mtaamua ninyi.

Kuna kitu cha pili kilichosaidia shafti kupasuka, nacho ni unyevu. Bageti tunazonunua sokoni, nyingi zimeandikwa 6013. Zinawaka vizuri hata na mashini ndogo, zinapendwa, na kwa mlango hazina neno. Lakini ganda lake linabeba unyevu, na zikikaa kwenye stoo inayovuja wakati wa mvua, linabeba zaidi. Katika ule moto mkali maji yanavunjika, na haidrojeni yake inaingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Haidrojeni ni ndogo sana, inatembea ndani ya chuma, inakwenda kujikusanya pale kwenye ukanda mgumu. Inakaa kimya. Nyuma ya saa kadhaa, pengine siku mbili, ukanda unapasuka wenyewe, bila ya mtu kuugusa. Njo maana mafundi wa miradi mikubwa wanangoja saa 48 mbele ya kukagua mshono wa chuma kigumu. Shafti yetu ilichomelewa asubuhi, jioni ilikuwa inazunguka. Kama ingekuwa na ufa, nani angeuona?

Msidhani haya ni mambo ya maskini peke yao. Tarehe 27 Machi 1980, kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, kulikuwa na jukwaa la kulala wafanyakazi wa mafuta, jina lake Alexander L. Kielland. Lilikuwa na miguu mitano. Jioni ile kwenye dhoruba nguzo moja ya kuunganisha miguu ilikatika, zingine zikafuata, mguu ukatoka, jukwaa likapinduka. Walikuwamo watu 212, walikufa 123. Tume ya Norwe ilipochunguza, ilikuta kwamba mwanzo wake ulikuwa ni kipande kidogo cha kushikilia chombo cha kusikilizia sauti ndani ya maji, kilichochomelewa kwenye ile nguzo kwa mshono wa milimita 6. Ndani ya ufa wa mshono ule walikuta rangi. Rangi! Maana yake nini? Maana yake siku jukwaa linapakwa rangi kiwandani, ufa ulikuwa tayari uko pale. Sisi tuna doa la kutu, wao walikuwa na doa la rangi. Na kile kipande hakikuwa hata sehemu ya kubeba mzigo. Mtu alikihesabu kuwa kitu kidogo.

Tunakumbuka hilo kila tunapoona kamyo inaingia atelye na dreva anasema, “nichomeleeni kadude haka kwenye resori, ni dakika moja.” Hapana. Resori ni mbaya kuliko shafti. Kando ya mshono inakuwa ngumu kama kioo, na mbele kidogo, pale moto ulipofika bila ya kufika 727, ule ugumu mzuri uliotiwa kiwandani unalegea, inakuwa laini. Kwa hiyo upande mmoja itapasuka, upande mwingine itapinda, na iko chini ya kamyo iliyojaa watu juu ya magunia. Tunaomba atelye iandike ukutani kwa chokaa: RESORI HATUSUDE. Dreva akikasirika aende. Kukosa franga za dakika moja si kitu.

Mgeni wetu mmoja aliyefanya kazi upande wa ndege alituuliza jana, huku akitabasamu, kama tatizo hili lisingeisha kwa kununua chuma bora. Tulimjibu kwamba hata titani, chuma cha ndege, kina ugomvi wake na moto wa kusude. Aina inayotumika sana ina aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Kando ya mshono mpango wake wa ndani nao unageuka, ikipita digrii 995 hivi chembe zake zinakua kubwa, na ikipoa haraka inapata matensaiti ya kwake, ingawa si ngumu sawa ya chuma cha kaboni. Kwa titani adui mkubwa ni hewa. Ikiwa ya moto inameza oksijeni na naitrojeni, inakuwa ngumu na ya kuvunjika. Mafundi wake wanaifunika kwa gesi ya agoni, mbele na nyuma, mpaka ishuke chini ya digrii 400 hivi. Na inasema yenyewe kama imefunikwa vizuri: mshono ukiwa wa rangi ya fedha, kazi nzuri, ukiwa wa bluu, kuna wasiwasi, ukiwa wa kijivu na unga mweupe, unakatwa na kutupwa. Vijana wetu walilipenda sana jambo hili la rangi, na kumbe hata chuma chetu kina rangi zake za kusema, kama mtakavyosikia.

Turudi kwenye shafti. Dawa si kitu cha ajabu. Kwanza kujua chuma kilicho mbele yako. Kigusishe kwenye jiwe la kusaga linalozunguka, kivulini, uangalie cheche. Chuma cha kitanda kinatoa mistari mirefu, matawi machache. Chuma cha shafti na resori kinatoa mistari mifupi inayopasuka mwishoni kama maua, na kaboni ikizidi, maua yanazidi. Vijana walijaribu vipande sita vya chuma chakavu bila ya kuambiwa ni nini, na walitambua vyote.

Kisha unakipasha chuma moto mbele ya kukisude, kwa makaa, taratibu, si pale tu penye mshono bali upana wa kiganja kila upande. Chuma kikiwa tayari na joto, hakiwezi tena kuunywa moto haraka. Kwa shafti tunataka digrii 200 mpaka 250. Utapimaje bila ya kipimo? Safisha mahali kwa tupa mpaka pang'ae. Chuma kikipata joto, pale panageuka manjano hafifu, rangi ya majani makavu ya mpunga: uko karibu na digrii 220. Ikigeuka zambarau au bluu, umekaribia 300, ondoa makaa kidogo. Hizi njo rangi tulizosema. Joto hilo lisishuke mpaka umemaliza kusude. Ukimaliza, usiiache kwenye upepo, wala maji yasikaribie. Unaizika yote ndani ya majivu makavu ya moto, inalala humo mpaka kesho yake. Wamama, mkiona vijana wanakuja kuomba majivu jikoni, msiwacheke, wapeni.

Shafti ya tatu imefanywa hivyo. Ilitoka kwenye majivu siku ya posho, ikaachwa siku mbili bila ya kuguswa. Jana tulipaka petroli ya taa kwenye mshono na kando yake, tukafuta vizuri, tukapaka chokaa juu yake. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani inatoka na kuchora mstari kwenye chokaa. Tulingoja saa nzima. Hakukuwa na mstari. Tupa nayo inakula chuma tangu huku mpaka kule. Hatusemi itadumu milele; shafti iliyochomelewa inabaki ni shafti iliyochomelewa, na dawa ya kweli ni kupata mpya iliyochongwa na fundi wa mashini ya kuchonga huko Uvira au Bukavu. Lakini mpaka franga za hiyo zipatikane, hii inaweza kusaga, kwa sharti moja: kila siku ya posho mashini isimame, na kijana mmoja apake petroli na chokaa. Mstari ukionekana, hata mwembamba kama unywele, mashini haizungushwi tena, hata kama foleni ya wamama imefika barabarani.

Neno letu kwa wafadhili ni fupi. Katika karatasi ya mradi imeandikwa mashini ya pili ya kusude ili vijana wengi zaidi wafanye kazi. Tunaomba kitu kingine kwanza. Kuna bageti zinazoitwa 7018, ambazo ganda lake limetengenezwa ili haidrojeni iwe ndogo. Ni za kazi za shafti na vyuma vinene. Lakini zina masharti: haziwaki vizuri kwenye zile mashini ndogo za atelye yetu, zinataka mashini yenye umeme wa upande mmoja, na zikishafunguliwa zinavuta unyevu, kwa hiyo lazima zikaushwe tena kwenye digrii 300 hivi mpaka 350, saa moja au mbili. (Zile 6013 msizifanyie hivyo, ganda linaharibika.) Kwa hiyo badala ya mashini mbili za aina ileile, tupeni moja ya umeme wa upande mmoja, pakiti ndogo ndogo za 7018 zilizofungwa vizuri badala ya katoni kubwa moja, na kipimo cha joto kinachoweza kufika digrii 400. Sanduku la kukaushia vijana watalitengeneza wenyewe kwa mabati na makaa, mchoro wake tayari wameuweka ukutani. Bei ya vitu hivi tumeiweka kwenye karatasi mliyo nayo, ukurasa wa mwisho, na hesabu yake haipiti ile ya mashini ya pili.

Kuna mama ameandika swali kwenye kikaratasi: kama mashini inasimama kila siku ya posho, bei ya kusaga itapanda? Komite inasema hapana. Kukagua kunachukua saa moja na nusu, na kutafanywa asubuhi, mbele ya watu kutoka shambani.